Usiniambie Ni Chai Tu

Jikoni, Kiwanda cha Magodoro,
Mlango wa nyuma (wa mbele ni wa watu wasiojua kazi inafanyika wapi).
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa mtu anayeendesha kiwanda hiki. Mkurugenzi ana ofisi, ana kiti kinachozunguka, ana gari na dereva wake, lakini asubuhi hakuna mashine inayowashwa mpaka birika langu lichemke na mimi niseme, "Haya." Siku ile niliyolala na mafua, magodoro yote yalitoka na bonde katikati, na wateja wakayarudisha wakilalamika kwamba mume na mke wanaamka wamegongana vichwa. Hilo liko wazi, ukiuliza yeyote hapa atakuambia. Basi ujue kuwa mtu mwenye mzigo wote huo mabegani ameacha shughuli, amekaa juu ya gunia la sukari, karatasi iko kwenye goti, anakuandikia wewe.

U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Lile sweta alilokufumia mama yako unalivaa, au umelitandika kwenye kiti? Na hizo lifti unazotengeneza huko, zinapanda na kushuka salama? Nimeshawaambia watu wa hapa kwamba mpwa wangu ndiye anayeyashikilia maghorofa ya huko yasidondoke, kwa hiyo usiniangushe.

Sisi huku wazima. Mama yako mzima, ni goti tu linalomsumbua akipanda ngazi. Mkaza mjomba wako mzima, na ulimi wake ni mzima kuliko yeye. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Ujumbe wako niliupata. Mfupi kama kucha. "Mjomba, ni chai tu. Kubali sukari, yaishe." Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikakaa nikausoma tena nikidhani nimekosea kusoma. Nikamsomea mkaza mjomba wako, akacheka, nikamwambia hapa hakuna cha kuchekesha. Ningekujibu kwa simu, lakini hasira niliyo nayo haiingii kwenye kidude kile. Inataka karatasi.

Ni chai tu! Hilo neno "tu" nani alikufundisha? Mimi nimeishia darasa la sita, mwalimu alipoona nimeanza kumsahihisha akaniomba kwa heshima nipumzike nyumbani, lakini hata mimi najua kuna vitu haviwekewi "tu" nyuma yake. Ni mama yako tu? Ni jina lako tu? Haya, endelea.

Sikiliza, maana wewe ulizaliwa mjini ukakuta maji yanatoka ukutani. Kule juu tulikotoka mimi na mama yako kulikuwa na mawe, baridi na mbuzi. Maji yalichuruzika mwambani, hayana ladha yoyote, ukiyanywa ni kama umemeza hewa. Wanaume walichonga mawe tangu alfajiri, jasho likiwakaukia mpaka shati ukilivua linasimama lenyewe. Na chumvi haikuwepo. Ilibebwa mgongoni kutoka mbali, watu wakiteleza nayo kwenye vijia ambavyo mbuzi wenyewe walivifikiria mara mbili. Kwa hiyo mgeni akija, anatiliwa chumvi kwenye chai. Kidogo, na maziwa ya mbuzi. Tungekuwa na dhahabu tungemtilia dhahabu. Mtu wa kule juu akikupa chai ya chumvi anakuambia: nilichokibeba mgongoni ndicho hiki, kunywa.

Babu yangu, ambaye ni babu wa mama yako pia, alibeba gunia zima peke yake. Njiani akafuatwa na nyati, dume, pembe zake kama milango ya ghala. Babu hakukimbia. Alitembea tu, na nyati akawa anamfuata nyuma akililamba lile gunia, anatembea analamba, mpaka wakafika nyumbani wote wawili. Nyati akawa mpole kuliko paka. Alifungwa zizini na akawa anakamuliwa asubuhi na jioni. Usiniulize dume linakamuliwaje. Wewe umesomea lifti, hujasomea nyati.

Sasa, watu wa bondeni, huko walikotoka wakwe zako, wao miwa inaota mpaka mlangoni. Mtoto akilia anapewa muwa. Mzee akipungukiwa meno anasagiwa muwa. Wanatia sukari kwenye maharage. Wanatia kwenye uji mpaka kijiko kinasimama wima. Nimesikia wanatia hata kwenye mchuzi wa samaki, ingawa hilo sijaliona kwa macho yangu. Siwalaumu kwa kupenda sukari. Ulimi unapata malezi yake kabla mtu hajajua hata kutamka "mama". Ninachowalaumu ni kuja na ulimi wao sebuleni kwangu na kutaka uwe sheria.

Na usidhani nasema nisichokijua. Katika jambo hili mimi ni profesa, ila hawajanipa lile joho. Watu wote wa kiwanda hiki wanapita mbele ya dirisha langu, na mimi sihitaji kumuuliza mtu kwao wapi. Anayeomba pilipili hata kwenye mkate mkavu ni wa nyanda kavu, ambako chakula hakina njia nyingine ya kukuamsha. Anayesukuma sukari pembeni na kutafuta chumvi, huyo ningemkumbatia, ila siku hizi haji. Kuna fundi mmoja wa mashine ya povu, kijana mtanashati, alikuwa anamwambia kila mtu kuwa yeye ni wa mjini, kwao ni mjini, na baba yake alizaliwa mjini. Nikamwacha. Siku moja nikamwambia, "Mama yako ni wa ziwani." Akaweka kikombe chini. "Mzee, umejuaje?" Nikamwambia, "Umekamua limau kwenye chai yenye maziwa, maziwa yamekatika, na bado umeinywa ukaomba nyingine." Tangu siku hiyo ananiamkia kwa mikono miwili.

Huko ghorofani, ofisini, wameleta vipakiti. Chai, maziwa na sukari vyote vimechanganywa na kukaushwa ndani ya karatasi, unamimina maji ya moto, basi. Mtu hajaulizwa ametoka wapi. Mhasibu, karani na mfagiaji, wote ulimi mmoja. Nilipopandisha birika langu wakaniambia, "Asante mzee, siku hizi tunajihudumia." Nilishuka ngazi na birika limejaa, na nakuambia ukweli, mvuke uliokuwa unatoka haukuwa wa birika.

Kwa hiyo unaponiandikia "ni chai tu" unaiweka chumvi yako juu ya kidonda ambacho hukukijua. Machimbo ya kule juu yalipofungwa watu walishuka, kila mmoja akashika njia yake. Wazee wakazikwa. Binamu yako, mwanangu wa kumzaa, nikimpa chai ya chumvi ananiuliza, "Baba, hii chai au supu?" Leo katika mji wote huu ukitafuta anayekunywa chai kama ilivyonywewa kule juu, utampata mama yako, na utanipata mimi. Halafu utafute mpaka uchoke.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana najua umeelezwa upande mmoja na mchumba wako, naye nampenda, binti wa watu mpole, ila siku ile alikuwa analia na mtu anayelia haoni vizuri.

Walikuja mara ya kwanza mwezi uliopita, kama ulivyoniomba niwapokee kwa kuwa baba yako hayupo duniani. Alikuja mchumba wako, katoka moja kwa moja duka la dawa na koti lake jeupe. Alikuja mama yake, yule mwalimu wa udereva, mwanamke wa haja, anaingia chumbani anaangalia kushoto na kulia kama anataka kuvuka barabara. Na alikuja mjomba wa binti, kaka yake huyo mama, mtu wa miwani mikubwa ambayo anaivua kila anapotaka kusema neno la kijinga. Hana jina kwangu. Namwita Miwani.

Nikawapa chai. Niliipika mwenyewe, chumvi nikaitia mwenyewe, kama kawaida, hilo simwachii mtu. Wote wamekaa kwenye makochi, mama yako pale kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi katikati na kikombe changu cha bati cha bluu, kile kilichobanduka rangi, unakijua. Yule mama akakipeleka kikombe mdomoni, akakirudisha kabla hakijafika. Mchumba wako akainama. Miwani akavua miwani.

"Mzee," akaniambia, "hii kwetu tunasukutulia koo."

Nikamwambia, "Kwenu mna koo kweli, ila kusukutua ndio hamjaanza."

"Usikasirike, ni swali. Siku ya harusi mtawapa watu kitu hiki? Watu wazima? Wamepanda magari wamekuja?"

"Watapewa, na watashukuru."

Hapo mama wa binti akaingilia, mkono mbele kama anasimamisha gari. "Taratibu, wazee wangu, msipitane kwenye kona. Mimi naomba jambo moja tu. Siku ya harusi chai iwe ya sukari. Huku nyumbani kwenu kunyweni hata magadi, siwazuii."

Magadi! Mpwa wangu, niliona sebule inazunguka. Nikasimama. Kama nilisimama juu ya kiti, kama watu wanavyosema, sikumbuki. Nikawaambia kwamba kama chai yetu haiwezi kukaa kwenye harusi yetu, basi hakuna harusi. Ndivyo nilivyosema, na nililitamka kwa sauti ambayo jirani alizima redio ili asikie vizuri.

Wakaondoka. Mchumba wako alilia mpaka kwenye ngazi. Vikombe vyao vikabaki mezani vimejaa.

Na mama yako? Alinyanyuka na lile goti lake, akavuta kiti mpaka mezani, akavinywa vile vikombe vyote kimoja baada ya kingine. Vimeshapoa, utando umekaa juu. Kule juu chumvi haimwagwi. Alipomaliza akavipanga, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akaenda kulala. Mimi nilibaki nimeshika kikombe changu cha bluu, sijui nikiweke wapi.

Halafu ndipo ukaja huo ujumbe wako wa kucha. Sasa umeelewa kwa nini nilitaka kuitupa simu kwenye birika?

Mama yako ndiye aliyewaita tena. Mimi hakuniuliza. Jumamosi hii iliyopita nimerudi kazini namkuta mkaza mjomba wako ameshaazima kwa jirani vikombe vyeupe, vyote sawasawa kama mayai, eti wageni wasikione kile cha bluu. Kikombe nilichokinywea tangu wewe hujazaliwa, leo ni aibu! Nikamwambia nitakunywa kwenye kikombe changu, akakificha. Mpaka leo sijui amekificha wapi. Basi nikaingia jikoni kusimamia, nikapika, nikatia chumvi, akapanga vikombe kwenye sinia. Na ule mlango wetu wa jikoni, ambao fundi aliyeutengeneza anapaswa kuwa jela, ni mwembamba kiasi kwamba sinia halipiti mpaka uligeuze. Akaligeuza, akapita, akagawa.

Walikuwa walewale. Miwani kaja na miwani mingine, mikubwa zaidi. Nikasimama kutoa hotuba. Nimeshasimama mbele ya mawaziri, mpwa wangu, au tuseme nimeshapita mbele yao na birika, lakini hotuba kama ile sijawahi kuitoa. Niliwaambia habari za mawe. Niliwaambia habari za maji yasiyo na ladha. Niliwaambia habari za babu na nyati, na Miwani akauliza dume linakamuliwaje, nikamwambia hilo ni swali la mtoto. Nikawaambia, "Ninyi mna miwa mlangoni, hamkubeba kitu. Sisi tulibeba."

Nikakaa. Ndipo mama yako akasema, na hayo ndiyo maneno pekee aliyoyasema. Alimgeukia yule mama. "Sikulazimishi. Onja kama unavyoonja dawa. Ukishindwa weka chini, nitaimalizia mimi."

Yule mama akamwangalia. Akasema, "Dada yangu, mimi kutwa nzima nakaa pembeni ya watu wanaokanyaga mafuta wakitafuta breki. Kikombe hakinitishi."

Akapiga funda.

Akaacha. Akaangalia ndani ya kikombe. Akanusa. Akamwangalia kaka yake, akamwangalia mama yako, halafu akaniangalia mimi, na hapo hakuniachia. Mimi nami nilikuwa nimeshapiga funda langu na machozi yananitoka. Ndiyo, machozi, sikatai. Niliwakumbuka wazee wetu. Nilimkumbuka babu na gunia lake mgongoni. Nikakohoa kidogo, mkaza mjomba wako akanipiga mgongoni, na watu wote wakaona jinsi mtu anavyoguswa na kwao.

Yule mama akaanza kucheka. Si kicheko cha dharau, ni kile cha tumboni, kikombe kikagongana na kisosi.

"Nini, dada?" akauliza Miwani. "Mbaya hivyo?"

"Nyamaza. Kunywa yako."

Miwani akanywa. Uso wake ulijikunja kama shati lililokamuliwa. "Dada! Hii ni bahari!"

"Kunywa. Mbona mzee mwenyewe anakunywa, tena utamu unamliza? Mzee wangu, ongeza funda. Maliza, usituonee haya."

Nikamaliza, mpwa wangu. Mbele ya watu wote, mpaka chini. Na yeye akamaliza yake akalamba mdomo. Mama yako aliona yule mwanamke wa bondeni amekimaliza kikombe, na akageukia dirishani, na mimi ninayemjua nilijua kwa nini amegeuka.

Kisha yule mama akatoa hukumu. Harusi ipo. Mabirika yatakuwa mawili, la sukari na la chumvi. La chumvi litakaa mbele, karibu na mama wa bwana harusi, ili mgeni yeyote akitaka kulinywa ajue analinywa na nani. "Na huyu mzee," akasema akininyooshea kidole, "ndiye atakayelisimamia. Kila likichemka lazima alionje kwanza yeye mwenyewe, mbele yetu. Kutwa nzima." Unaona cheo hicho? Hata Miwani alipinga, akasema naye anataka cheo, akaambiwa atapanga viatu.

Wakati wa kuondoka, pale mlangoni, aliniinamia akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, ile kona umeikata vibaya." Nikaelewa kuwa anaisifu hotuba yangu kwa lugha ya kazi yake.

Kwa hiyo harusi ipo, na umshukuru mjomba wako na ulimi wake. Lakini usije ukadhani hasira imeisha. Birika la sukari litakaa kwenye harusi yetu! Nimelikubali jambo hilo na limenikaa kooni kama mfupa. Na wewe uliyeandika "tu" una adhabu yako. Utakaa karibu na mama yako, utamiminiwa chai kutoka birika la mbele, na utainywa watu wote wakikuona. Hutakunja uso. Hutaomba maji. Ukinywa nusu ukaweka chini usiniite mjomba tena, niite jirani. Mama yako amevinywa vikombe vya watu vilivyopoa ili chumvi ya kwao isimwagwe, na wewe mwanawe uko huko unapanda na kushuka kwenye lifti ukisema ni chai tu. Nikifika hapo kalamu inatoboa karatasi, kama unavyoona.

Mama yako anakusalimu sana, anasema uvae sweta. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama huko kuna milango mipana. Binamu yako anakusalimu, ameomba umletee viatu, mimi nimekataa kwa niaba yako. Mchumba wako nimemwona leo asubuhi duka la dawa, ametabasamu, amenipa dawa ya kikohozi bila kuulizwa. Nawe wasalimie mafundi wenzako wote na uwaambie mimi ni nani.

Mungu akushikilie huko juu ya kamba zako, akushushe polepole, na akulete nyumbani ukiwa mzima na mwenye adabu zaidi.

Ni mimi akupendaye hata nikiwa nimenuna,
Mjomba wako,
Mkuu wa Birika.

Nimeifungua tena bahasha, ndiyo maana imechanika pembeni, asikudanganye mtu wa posta.

Kile kikombe alichokunywa mama mkwe wako kilikuwa changu. Jumamosi nilijimiminia kwanza, kabla sijatia chumvi, nikatia sukari wakati mkaza mjomba wako amegeuka kutafuta visosi. Nikakiweka ukingoni mwa sinia, upande wa kwangu. Kisha yeye akaligeuza sinia mlangoni na vyeupe vyote vikawa sawasawa. Kile cha bluu hakuna aliyekuwa anakigusa, ndio uzuri wake.

Sikuamua siku moja. Ukiwaonjea watu birika lao kila asubuhi, ulimi unahama bila kukuaga. Nilipokuja kushtuka, ulikuwa umeshahama zamani. Yale machozi ya Jumamosi yalikuwa ya chumvi, mpwa wangu, si ya babu. Pale mlangoni yule mama aliniuliza pia, "Dada yako anajua?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Basi asijue," akaenda zake.

Jana nilijaribu peke yangu jikoni. Nilitia kidogo sana, kama kwa mtoto. Nikaitema kwenye ndoo.

Kwa hiyo njoo siku chache kabla ya harusi, uanze kuizoea, usimame na mimi pale mbele na kunionjea lile birika. Nitasema ni adhabu yako, watu wataamini. Mimi siwezi kuimeza.